Mami, Sitakuuliza Una Kilo Ngapi

Turi, Jumapili alasiri

Mami,

Barua nzuri huanza na "natumai u mzima." Hii haiwezi, kwa sababu nimekuona sasa hivi ukipanda pikipiki na mama yako kwenda Molo kusukwa nywele, na ulikuwa mzima wa kutosha kunikemea kwamba nimekalia begi lako. Basi nimehamia stoo, nimekaa kwenye ile meza kati ya mizani na magunia matupu, na nina kama saa tatu kabla hamjarudi. Wasusi wa Molo nawajua.

Sitakuandikia mambo ya kufuli, blanketi na kuchagua marafiki. Mama yako ameyasema yote mara mbili, na shangazi zako wamepiga simu kuyasema mara ya tatu. Ati Meru, huko uendako chuoni, kuna baridi, kana kwamba umelelewa Mombasa. Hayo wameyamaliza.

Nataka kuandika juu ya lile ambalo sisi watatu tumelizunguka mwaka mzima na zaidi, nalo ni chakula. Tunakula mezani kama watu walio kwenye mtihani. Mama yako anahesabu vijiko vyako, mimi najifanya nasikiliza habari, nawe unajifanya huoni tunavyokuangalia. Nimechoka. Nimechoka nawe kidogo, nimechoka na mama yako kidogo, na nimechoka na nafsi yangu sana. Kesho unaondoka, na sijawahi kukuambia waziwazi kwamba jambo hili nililianzisha mimi.

Kazi yangu unaijua. Nimenunua viazi kutoka Mau Narok mpaka Molo kwa miaka zaidi ya ishirini. Mkulima akinionyesha gunia, namtajia kilo zake kabla halijagusa mizani, na nikikosea sana nakosea kwa mbili. Wanunuzi wengine waliwapunja wakulima kwa lumbesa, yale magunia yanayojazwa mpaka yanaongezewa kichwa cha pili cha wavu juu. Mimi nililipia kilo. Shida ni kwamba mtu akisifiwa kwa kitu kimoja hukifanya hata pale ambapo hajaombwa. Nilianza kukisia mbuzi, nikaenda kwa fahali, halafu siku moja kwenye sherehe ya mahari wageni wakapanga foleni niwakisie wao. Mchungaji wetu nilimpa tisini na tatu. Jumatatu akaenda kupimwa zahanati, akanipigia simu kuniambia nimekosea kwa nusu kilo, akicheka. Mke wake hakucheka, kwa maana kilo zake pia nilikuwa nimezitaja mbele ya watu. Hilo lingenitosha kama ningekuwa mtu wa kufundishika.

Sikufundishika. Desemba ile ulipofunga shule kidato cha pili, lori lilikuwa hapa nje likipakiwa. Ukaingia langoni na sanduku lako, mashavu yamejaa, sare imekubana mabegani, nami moyo ukanijaa. Badala ya kukupokea sanduku kama mzazi mwenye akili, nikapaza sauti mbele ya wapakiaji sita: "Sitini na nane!"

"Baba, wacha bana," ukasema.

"Panda tu hapo. Ni dakika moja."

"Mbele ya watu?"

"Kwani hawa ni watu? Hawa ni wa hapa nyumbani."

Ukapanda. Ulikuwa bado umeshika sanduku, nikakuambia uliweke chini lisije likaniharibia hesabu. Kati ya yote niliyoyafanya siku hiyo, hilo la sanduku ndilo linaloniamsha usiku. Mizani ikatulia kwenye sitini na tisa. "Mzee, umekosea na moja tu!" wakasema, wakapiga makofi. Mmoja wao akaongeza, "Hiyo sasa ni lumbesa, boss," na kicheko kikalizunguka lori lote. Nikacheka. Nawe ulicheka, Mami, na kwa kicheko hicho nimejitetea miaka miwili. "Si hata yeye alicheka?" ndivyo nilivyokuwa nikimwambia mama yako. Msichana wa miaka kumi na sita amesimama kwenye mizani ya viazi mbele ya wanaume saba, baba yake akiwa mmoja wao. Angefanya nini kingine?

Sikuambii haya yanayofuata ili unionee huruma. Nakuambia kwa sababu siku ile nilidhani nakusifu.

Nililelewa katika kijiji cha msituni juu ya Elburgon, baba yangu akifanya kazi kiwanda cha mbao. Kila Jumapili kabla ya kanisa, Shosho yako, mama yangu, huyu ambaye nilikupa jina lake na ndiyo sababu nakuita Mami, alikuwa akinizungushia kidole gumba na cha kati hapa juu ya kiwiko. Vidole vikikutana, nilivishwa sweta hata jua liwake namna gani, ili akina mama wenzake wasione mikono yangu. Hakuwa na ubaya na mwili wangu. Aliogopa watu waseme hanilishi. Kwetu mwili wa mtoto ulikuwa ripoti ya mzazi, na mimi nilikuwa ripoti mbaya. Niliketi kwenye benchi la kanisa nikitokwa na jasho, nikiapa kwamba wangu hatavaa sweta ya kuficha mikono.

Kwa hiyo mizani iliposoma sitini na tisa, nilichosikia mimi ni kwamba nimefaulu. Nilimpigia shangazi yako simu palepale kumtajia namba, kama mtu aliyeshika matokeo ya mtoto ya mtihani. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba neno "umenona," ambalo kinywani mwa Shosho yako lilikuwa baraka, huko kwenye bweni lenu lilikuwa tusi. Wala sikujua kwamba wapakiaji waliendelea kukuita Lumbesa kila ulipopita, mpaka siku ya kurudi shule. Hilo nililisikia mwaka huu, na nilipowauliza walishangaa. Walisema walidhani nimelikubali, maana lilipotamkwa mara ya kwanza nilicheka kuliko wote.

Januari ukarudi shule na sweta kubwa ya mama yako. Aprili ukaja nayo, Agosti ukaja nayo. Nilifichwa ndani ya sweta miaka yangu yote ya utoto na bado sikuelewa nilichokuwa nikikiangalia.

Halafu ukaanza kufunga. Hapo, Mami, ndipo sisi watu wa kanisa tulipokosa akili kabisa. Vijana walikuwa wakifunga Jumatano kuombea mitihani, nawe ukafunga nao. Kisha ikawa Jumatano na Ijumaa. Kisha ikawa hatujui tena siku usiyofunga ni ipi. Mzazi mwingine angeuliza. Sisi tulijivuna! Mama yako alitoa ushuhuda kwa akina mama wenzake. Mchungaji akakusimamisha mbele ya vijana akasema, "Mwangalieni huyu msichana, hata miaka kumi na minane hajafika." Walikuangalia wote, na mimi nikiwa kwenye benchi la pili nikiitikia amina kwa sauti. Nimeirudia amina ile kichwani mara nyingi, na kila mara nataka kujipiga kofi.

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa. Mama yako mwenyewe alikuja akaniambia sketi zako sasa zinashikwa na pini kiunoni. Nikamjibu kwamba wasichana huongezeka kwa urefu. Mtu ambaye hakuna gunia lililowahi kumdanganya!

Agosti ya kidato cha nne tulikuwa hapahapa stoo tukichagua mbegu, ukainuka kuchukua kikapu, ukaanguka. Nilikubeba mimi. Mikono hii imeinua magunia tangu sijaota ndevu, na ilijua kilo zako kabla sijakufikisha mlangoni. Namba hiyo sijamtajia mtu yeyote, wala sitaiandika hapa. Hospitalini Nakuru daktari alikuuliza ni lini chakula kilianza kukusumbua, na ni nani aliyekuambia lolote kuhusu mwili wako. Ukaniangalia, ukaangalia sakafu, ukasema, "Sikumbuki." Umelala pale na dripu mkononi, na bado unanikinga. Daktari akaandika kwamba hukumbuki, nami nikamwacha aandike.

Ungedhani nilitoka pale nimepata akili. Nilitoka nimeamua kwamba dawa ni kula, na kula ni amri. Nilinunua maziwa ya kuogea mtu. Nilisimama nyuma ya kiti chako mpaka sahani iishe. Siku moja nikakufokea, "Watu wanalala njaa huko Kaptembwo na wewe unachezea chapati!" kana kwamba ungeimaliza ile chapati mtu wa Kaptembwo angeshiba. Ulilia juu ya sahani, nami nikaona machozi hayo ni ukaidi.

Yule mama mshauri wa hospitali, tuliyepelekwa kwake na daktari, ndiye aliyenitoa mezani. "Baba Nyambura," aliniambia, "hapo huli na mtoto. Hapo unalinda mfungwa." Nilimlalamikia kutoka Nakuru mpaka Njoro, kwamba ana maneno mengi, kwamba hajui kulea. Tulipopita Njoro mama yako akaniambia ninyamaze sasa, kwa sababu yule mama amesema kwa dakika moja kile ambacho yeye ameshindwa kuniambia kwa mwezi mzima. Nikanyamaza mpaka Turi, nimenuna.

Na kumbe wakati huo wote nyani haoni kundule. Nikikusubiri hospitalini nilitobolewa kidole kwa vile tu foleni ilikuwa fupi, na sukari yangu ikakutwa juu. Nikaambiwa nipunguze ugali, nyama na tumbo. Mama yako akaanza kunipakulia nusu sahani, na kabeji ya kuchemshwa ambayo hata ng'ombe wetu angeiuliza maswali. Nilikula kwa unyenyekevu, nikashukuru, kisha nikaenda Molo "kuonana na mnunuzi." Mnunuzi huyo alikuwa kilo moja ya mbuzi wa kuchoma katika bucha ile iliyo nyuma ya soko. Nilikuwa nikionana naye mara tatu kwa wiki.

Mwezi wa pili mwaka huu nikasahau simu nyumbani, nawe ukapanda pikipiki kuniletea, kwa sababu mtu wa Nakuru alikuwa akipiga bila kukoma. Watu wa sokoni walikuelekeza nilipo, wakidhani wananisaidia. Nilikuwa nimeshika mfupa kwa mikono miwili.

"Mama anajua?" ukaniuliza.

"Hajui."

"Na sugar yako?"

"Iko sawa."

Nilidhani utanigombeza na nikaanza kutayarisha majibu. Kisha ukasema, "Baba, hivyo ndio mimi huwaambia. Niko sawa." Ukavuta kiti, ukaketi. "Hii kitu tunafanya ni moja. Ni vile tu wewe unaficha kula, na mimi naficha kutokula."

Nimewahi kubishana na madalali wa soko la Wakulima kule Nairobi nikashinda, lakini pale niliuweka mfupa chini. Nawe ukanyoosha mkono, ukachukua kipande kimoja kutoka kwenye ubao wangu, ukakitafuna polepole ukiangalia ukutani. Ukachukua cha pili. Hakuna aliyekuambia, hakuna aliyesimama nyuma yako. Nilitaka kulia, nikajizuia, kwa maana watu wa Molo wangeshaifikisha habari Turi kabla yetu. Ukamwambia mwenye bucha afunge iliyobaki, tukaipeleka nyumbani, nikamweleza mama yako kila kitu. Hakusema nami mpaka Jumatano.

Tangu siku ile hatujawa malaika, mimi nawe. Umekuwa na wiki nzuri ambazo nilisikia ukiimba jikoni, na umekuwa na wiki za kurudi kwenye simu yako kuhesabu kila tonge kama karani. Mimi nimewahi kula mandazi manne ndani ya lori madirisha yakiwa yamefungwa. Lakini nilikuja nikakuambia. Nawe mara nyingine ulikuja ukaniambia, "Baba, leo chakula cha mchana nilikitupa." Hukujua nilivyoondoka nikaenda kusimama nyuma ya choo kwa hasira na huzuni. Hata hivyo nilikuwa na amani kuliko siku za sahani safi, kwa sababu ulikuwa umeniambia ukweli.

Sasa unaenda mahali ambapo hakuna atakayejua umekula au hujala. Naogopa. Nimeliandika neno hilo, nikaliangalia, na sina lingine. Kila nikifikiria chumba chako cha Meru namwona msichana ameketi kitandani akiniandikia kwamba yuko sawa, nami niko huku nimefurahi.

Kwa hiyo naomba machache, na unikemee nikizidisha.

Usifunge. Vijana wa kanisa la chuo watakualika, na watakualika kwa upendo. Waambie baba yako amekataza. Mungu akiwa na neno juu ya hilo, stoo ya viazi ya Turi anaijua, aje tuzungumze mimi na yeye. Mchungaji wetu nimeshamwambia, na nimemwambia kwa nini. Aliumia sana. Aliniuliza kwa nini hatukumwambia mapema, nikamjibu ni kwa sababu sote tulikuwa tunapiga makofi.

Watu wetu hawajui kusalimu bila kupima. Ukirudi Desemba mmoja atakuambia umenona, na kabla hajafika langoni mwenzake atakuambia umekonda. Siwezi kuwaziba wote midomo, ingawa nimejaribu, na shangazi yako mmoja bado hapokei simu zangu. Niliyeweza kumziba ni mimi. Mwezi uliopita kwenye harusi ya Njoro waliniita niwakisie mashangazi wa bibi harusi, kiti wameshaniwekea. Nikasema jicho limekufa. Wakasema nimezeeka. Acha niwe nimezeeka.

Yule mama mshauri amekubali uendelee kumpigia kila wiki. Mpigie. Hata siku nikimlalamikia, mpigie.

Na siku chakula kitakapokushinda, maana siku hiyo itakuja, usiniandikie kwamba uko sawa. Niandikie, "Leo kimenishinda." Sitapanda gari kuja kusimama nyuma ya kiti chako. Nitatamani, nitatafuta funguo, mama yako atazificha, lakini sitakuja mpaka uniite. Nitakupigia simu, tuongee habari za viazi na baridi iliyochoma mashamba ya watu, mpaka upate nguvu ya kuniambia. Nami nitakuambia yangu, pamoja na ya mandazi. Sitakuuliza una kilo ngapi. Sitakuuliza kwa simu, wala ukishuka hapo langoni, wala kwa kukuangalia toka juu mpaka chini kama nilivyozoea.

Nisamehe la mizani. Na lile la kukuambia uweke sanduku chini, na lile la Lumbesa, na lile la kumwacha daktari aandike kwamba hukumbuki. Ulikumbuka. Nami nilikumbuka.

Nasikia pikipiki. Sauti ya mama yako imefika kabla yake, kama kawaida, inamwambia dereva apite pembeni ya tope. Leo atapika mukimo na kuku kwa kuwa ndicho chakula chako cha mwisho nyumbani kabla ya safari, na najua umeanza kukiogopa tangu asubuhi, maana nilikusikia ukimwuliza ni nani wengine wanakuja. Hakuna. Majirani nimewaomba waje kukuaga kesho asubuhi kwa chai. Shangazi zako nimewakatalia, kwa hivyo sasa ni wawili wasiopokea simu zangu. Tutakuwa sisi watatu tu.

Pakua unachoweza. Na ukiona sikuangalii unapokula, usidhani sijali, Mami. Nakupenda, na ninajizuia, na sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Ni mimi,
Baba yako